Gazeti la karatasi na gazeti la kwenye simu: lipi kwa kazi ipi?

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta. Kesho yake, kwenye meza ya magazeti pale kituoni, unaweza kukuta kichwa cha maneno mawili tu: "Petroli yapanda". Herufi ni nene kiasi kwamba aliyesimama ng'ambo ya barabara anazisoma bila kuvuka. Fungua sasa tovuti ya gazeti hilohilo. Habari ni ileile, pengine na mwandishi ni yuleyule, lakini kichwa kimekuwa kama hivi: "EWURA yatangaza bei mpya za mafuta, petroli na dizeli zapanda Dar, Tanga na Mtwara".

Kichwa cha kwanza kimeandikwa kwa ajili ya mpita njia. Cha pili kimeandikwa kwa ajili ya mtu atakayeandika "bei ya mafuta leo" kwenye Google. Niliwahi kufanya kazi ya usanifu wa kurasa, na ninapoulizwa kama mtu aendelee kununua gazeti au asome kwenye simu tu, huwa naanzia hapo kwenye kichwa. Ukielewa kwa nini vichwa hivi viwili havifanani, umeshaelewa nusu ya tofauti zote.

Angalia hicho kitenzi. Hatukuandika "imepanda", tumeandika "yapanda". Wakati huu wa -a- hausikiki sana katika mazungumzo ya kila siku mitaani Dar es Salaam, lakini kwenye ukurasa wa mbele ndio mwenye nyumba: ateua, yaichapa, wakwama, aibuka. "Imepanda" ina silabi nne, "yapanda" ina tatu. Kwenye ukurasa wenye upana wa sentimita 28 hivi, na herufi zenye kimo cha kidole kizima, silabi moja ni eneo kubwa. Ukiipunguza, herufi zote zinazobaki zinanenepa. Ufinyu wa karatasi umetupa mtindo wa lugha ambao kila Mswahili anautambua hata ukimsomea kwa sauti. Mtandaoni ufinyu huo haupo, na vichwa vimerefuka: "Hiki ndicho kilichomkuta…", "Haya hapa mambo matano…". Kwa injini ya kutafutia vinafaa. Kwa masikio yangu vimepoteza mdundo.

Ukubwa nao unasema

Magazeti mengi ya Afrika Mashariki huchapwa kwa ukubwa wa tabloidi, yaani ukurasa mdogo kuliko wa gazeti pana. Ukurasa mmoja wa tabloidi una eneo la takriban mara kumi ya kioo cha simu ya kawaida, na ukifungua kurasa mbili kwa pamoja ni mara ishirini. Eneo hilo ndilo mhariri analotumia kukuambia maoni yake kabla hujasoma sentensi hata moja. Habari iliyopewa nusu ya ukurasa, picha ya safu nne na kichwa cha mistari mitatu, ameamua kuwa ndiyo habari ya siku. Ile aliyoibana chini kulia kwa aya tatu, ameamua kuwa uijue tu. Unaweza kubishana naye, na wasomaji hubishana naye kila asubuhi pale mezani, lakini angalau uamuzi wake unauona kwa macho.

Kwenye simu uamuzi huo unafifia. Orodha ya habari ni visanduku vinavyofuatana: picha ndogo, kichwa, saa ilipowekwa. Waziri aliyetenguliwa amepewa kisanduku. Msanii aliyebadilisha nywele amepewa kisanduku kilekile, na kwa kuwa yeye amewekwa dakika kumi baadaye, yuko juu. Ni kweli tovuti nzuri huweka habari kubwa kileleni. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuingii kwa mlango wa mbele. Tunaletewa kiungo kwenye kundi la WhatsApp, au tunakiona Facebook, tunabofya, tunasoma, tunatoka. Ni sawa na mgeni aliyepitishwa dirishani hadi jikoni. Sebule hakuiona, na hajui kama kulikuwa na wageni wengine.

Hapa lazima niondoe dhana moja iliyoenea, kwamba kwenye kioo watu hawasomi, wanaruka tu. Mwaka 2007 Taasisi ya Poynter ya Marekani ilifuatilia mienendo ya macho ya wasomaji wapatao 600. Waliosoma mtandaoni walisoma kwa wastani asilimia 77 ya habari walizochagua. Wa magazeti mapana walisoma asilimia 62, na wa tabloidi asilimia 57. Mtandao uliongoza. Utafiti huo ulifanyika kwenye kompyuta za mezani, kabla simu janja hazijatuingia mifukoni (iPhone ya kwanza iliuzwa Juni mwaka huohuo), kwa hiyo usiubebe mzimamzima hadi kwenye kioo cha leo. Hata hivyo unatufundisha jambo: mtu akishaichagua habari mwenyewe, ataisoma popote ilipo. Faida ya karatasi iko kwenye habari ambazo hukuzichagua. Unafungua kutafuta msimamo wa ligi, jicho linanasa kwenye habari ya bei ya korosho Mtwara, unaisoma yote, na jioni unapokutana na shemeji yako anayelima una la kuzungumza. Simu itakupa korosho ukiiuliza korosho. Jana hukuiuliza.

Herufi, safu, na shairi lililovunjika

Herufi za Times New Roman zilizaliwa gazetini. The Times la London liliziagiza na kuanza kuzitumia mwaka 1932, na zilichorwa zikiwa zimebanana kidogo ili maneno mengi yaingie kwenye safu nyembamba bila kumchosha msomaji. Georgia, herufi ambayo umeisoma mtandaoni mara nyingi bila kujua jina lake, ilichorwa na Matthew Carter kwa ajili ya Microsoft na kutolewa mwaka 1996. Yeye alifanya kinyume: herufi ndogo zina kimo kirefu na matumbo mapana, kwa sababu vioo vya wakati ule vilikuwa hafifu na herufi iliyobana ilikuwa inazibika. Kila moja ilichorwa kwa nyumba yake. Ndiyo maana gazeti likichukuliwa lilivyo na kubandikwa kwenye simu, macho yanalalamika.

Kiswahili kina shida yake ya ziada hapa. Maneno yetu ni marefu. "Hawakuyashughulikia" ni neno moja, na katika safu ya gazeti linaweza kula karibu mstari mzima. Msanifu wa karatasi ana dawa: analikata kwa kistari, na silabi zetu huishia kwa irabu, hivyo kulikata ni rahisi. Akizembea utaona mapengo meupe katikati ya mistari kama meno yaliyong'oka. Kwenye simu, neno refu kwa kawaida haligawiwi. Linashuka lote mstari wa chini na kuacha ukingo wa kulia ukiwa na mabonde. Kwa habari ya kawaida hilo linavumilika. Kwenye shairi halivumiliki.

Nalikazia shairi kwa sababu magazeti ya Kiswahili, tofauti na mengi ya lugha nyingine, yamelea ushairi kwa miongo mingi. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha tungo za wasomaji wake. Taifa Leo la Nairobi bado lina malenga wanaolitumia kujibizana. Na shairi la kimapokeo lina umbo linalotaka kuonekana: mshororo mmoja, vipande viwili, mizani nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Kwenye karatasi mshororo unakaa hivi:

Gazeti la karatasi, asubuhi nalisoma

Jicho linaona mkato katikati, na ubeti ukiwa na mishororo minne, vina vya kati vinapangana kama nguzo katikati ya nyumba. Sasa utazame mshororo huohuo kwenye simu yenye herufi za kusomeka:

Gazeti la karatasi, asubuhi
nalisoma

Utao, yaani kile kipande cha pili, umekatwa kichwa. Zidisha kwa mishororo minne, kwa beti kumi, na hutajua tena kama unasoma tarbia, shairi la mishororo minne kwa ubeti, au barua iliyoandikwa na mtu mwenye haraka. Dawa ipo na ni rahisi: kila kipande kiandikwe mstari wake. Tovuti chache hufanya hivyo. Mpaka zote zifanye, ukitaka kusoma mashairi kwenye simu, ilaze simu. Mshororo mzima utaingia. Ukitaka kuyaimba, kuyafundisha au kuyahifadhi, nunua karatasi. Kwa hili sina kigugumizi.

Majedwali hayako mbali na mashairi. Turudi kwenye bei za mafuta: karatasi hukupa wilaya zote kwa safu tatu, petroli, dizeli na mafuta ya taa, na unashuka kwa kidole mpaka kwenu. Kenya ni vivyo hivyo EPRA, mdhibiti wa nishati wa huko, inapotoa bei zake kila tarehe 14. Kwenye simu jedwali mara nyingi hukatika upande wa kulia, au huwekwa kama picha ambayo ukiikuza inakuwa ukungu. Pale tovuti inapolitengeneza vizuri, ukaandika jina la wilaya na bei ikaja peke yake, karatasi haioni ndani. Matokeo ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, ni hivyohivyo: unatafuta shule moja kati ya maelfu, na simu haina mshindani.

Hadi tunakwenda mitamboni

Kila msomaji wa zamani anaujua msemo huu: "Hadi tunakwenda mitamboni, mechi ilikuwa inaendelea." Ni kauli ya uungwana ya karatasi, inayokiri kwamba ulimwengu haukusubiri gazeti lichapwe. Usiku wa tarehe 17 Machi 2021, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kifo cha Rais John Magufuli, saa ya kulala ilikuwa imefika kwa nyumba nyingi. Simu ziliwaka ndani ya dakika chache kuanzia Chato hadi Muscat. Hakuna gazeti lililochapwa lingeweza kukimbia hivyo, na kwa uchaguzi, ajali, mafuriko au mechi ya usiku sitakushauri usubiri kuche.

Lakini kurasa za mbele za wiki ile nimezihifadhi hadi leo kwenye bahasha, na viungo nilivyotumiwa usiku ule siwezi kuvipata tena. Hilo nalo ni sehemu ya uzoefu wa msomaji. Gazeti likishachapwa halibadiliki. Likikosea, linaomba radhi kesho yake na kosa linabaki kuonekana. Habari ya mtandaoni inaweza kurekebishwa kimyakimya saa sita mchana, na wewe uliyeisoma asubuhi ukabaki unabishana na mwenzako aliyeisoma jioni, kila mmoja akiapa aliona kwa macho yake. Tovuti inayoheshimu wasomaji huandika saa ya kusasishwa na kueleza nini kimebadilishwa. Ukiwa unachagua tovuti ya kuitegemea, litazame hilo kabla ya rangi na mapambo.

Na kuna hili: Oktoba 2024 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilisitisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications, wachapishaji wa gazeti la Mwananchi. Adhabu iligusa mtandao tu, haikugusa gazeti la karatasi. Aliyekuwa akisoma kwenye simu pekee alijikuta nje ya mlango kwa mwezi mzima.

Tangazo linalokaa na tangazo linalorukia

Tangazo la karatasi linakaa mahali pake. Zabuni, nafasi za kazi, tanzia, kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu utuache: yana kurasa zake, na wapo wanaolinunua gazeti kwa ajili ya kurasa hizo tu. Familia hukata tanzia na kuiweka ndani ya Biblia au Kurani. Kwenye simu tangazo lina tabia nyingine. Unaanza aya ya pili, picha inapakia juu, maandishi yanaruka, kidole kilichotaka kusogeza kinabofya benki. Linaibuka jingine lenye alama ya kufungia ndogo kama chembe ya mtama. La tatu ni video inayojicheza yenyewe na kula bando ulilonunua kwa ajili ya kusoma.

Hapo ndipo hesabu ya bei inapokosewa. Watu husema mtandaoni ni bure. Kwa msomaji wa bando la siku, kila video isiyoombwa ina gharama, na karatasi haina gharama baada ya kununuliwa. Tena hupita mikono mitano kwenye kijiwe, kisha inavalisha daftari la mtoto au kufungia karanga. Ukibaki na simu, tumia mwonekano wa kusoma ulio kwenye vivinjari vingi, unaobakiza maandishi na picha za habari tu, na zima video zinazojicheza. Ukifanya hayo mawili utadhani umebadilishiwa tovuti.

Upande mmoja karatasi haina utetezi kabisa: macho. Mama yangu mkubwa alianza kushindwa kusoma maelezo ya picha, kisha habari zenyewe, kisha akabaki na vichwa. Kwenye simu tumezikuza herufi mpaka mstari una maneno manne, na anasoma tahariri yote. Asiyeona kabisa anaweza kuiachia simu imsomee kwa sauti. Kwa watu hawa ulinganisho umekwisha kabla haujaanza, na naomba wanaotengeneza tovuti za Kiswahili wawakumbuke kila wanapobandika habari kama picha: picha ya maandishi haikuzwi vizuri, na simu haiwezi kuisoma.

Na nakala pepe je?

Lipo chaguo la tatu, gazeti pepe, yaani kurasa zilezile za karatasi zilizowekwa mtandaoni kwa kulipia. Kwa Mswahili aliye Muscat, Minneapolis au London ndiyo njia ya kuuona ukurasa ulivyopangwa: ukubwa wa vichwa, katuni, ukurasa wa mwisho wa michezo, hata matangazo ya nyumbani ambayo ukiwa mbali yanakuwa habari. Kwenye tableti au kompyuta ni zuri sana. Kwenye simu ni kazi: unakuza, unasukuma kulia, unapoteza mstari, unarudi. Kama kifaa chako ni simu tu, usinunue usajili wa mwaka. Jaribu toleo moja kwanza.

Wakati huohuo ukurasa wa mbele umejitafutia maisha mapya bila gazeti lake. Redio na televisheni huusoma asubuhi, blogu huupandisha kabla ya jogoo, na kwenye WhatsApp unazunguka kama picha. Maelfu huuona bila kulinunua gazeti. Hii inanipa faraja kwa sababu inaonyesha kwamba watu bado wanataka mtu awapangie siku kwa ukubwa, na simu yenyewe haijawapa mbadala. Inanisikitisha pia, maana kichwa bila habari yake huzaa ubishi, na ukurasa wa mbele uliotengenezwa kwa kompyuta na mtu mwenye nia mbaya unafanana kabisa na wa kweli. Ukitumiwa ukurasa wenye kichwa cha kushtua, nenda kwenye tovuti au akaunti ya gazeti lenyewe, au kwa muuza magazeti, ukaulinganishe kabla hujausambaza.

Basi uchague vipi

Kama una dakika kumi kwenye daladala na unataka kujua kimetokea nini tangu jana usiku, soma kwenye simu, lakini ingia kwa mlango wa mbele: andika anwani ya gazeti, tazama wameweka nini juu, ndipo uchague. Kama una kazi maalumu, bei, matokeo, jina la mtu, habari ya mwaka juzi, simu tena. Kama wewe au mzee wako mna shida ya macho, simu bila kujiuliza.

Karatasi inunue siku ambayo una saa nzima ya kukaa, na kwangu hiyo ni Jumapili. Makala ndefu, mashairi, katuni, tahariri na barua za wasomaji vinastahili karatasi, na karatasi ina kitu ambacho simu haina: ukurasa wa mwisho. Ukifika pale kwenye michezo umemaliza, unalikunja, unalipitisha kwa mwingine. Simu haikuambii umemaliza. Unasogeza, inaleta nyingine, unasogeza, na chai imepoa.

Mwalimu wa Kiswahili asinunue moja, anunue mawili ya siku moja. Bandika kurasa zote mbili za mbele ukutani, waulize wanafunzi kwa nini huyu ameandika "yapanda" na yule "yapaa", na kwa nini huyu amempa picha kubwa mtu ambaye mwenzake amemweka ukurasa wa saba. Darasa langu la kwanza la usanifu lilikuwa hilohilo, kwenye meza ya magazeti, nikisubiri basi.